Panya wa Zamu

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Daktari Panya, na yeye mwenyewe hakulichukia. Jina lilianzia kwa wanawe wawili, ambao walipoulizwa shuleni mama yenu anafanya kazi gani, walijibu kwa fahari kwamba anatibu panya. Ukweli ni kwamba hakutibu panya hata mmoja. Alichowafanyia kilikuwa karibu kinyume cha tiba, ila hilo si jambo la kumweleza mtoto wa darasa la pili.

Alikuwa mtafiti katika kituo kimoja cha sayansi, na ofisi yake ilikuwa chini ya ardhi, mahali ambapo mtu hawezi kujua kama nje kuna mvua au jua mpaka apande ngazi. Huko chini alikuwa na vyumba viwili vilivyofanana kama mapacha. Vizimba vilikuwa vilevile, vya plastiki, vimetandikwa maranda ya mbao. Chupa za maji zilikuwa zilezile, zimening'inizwa kichwa chini, na harufu ilikuwa ileile ya punje za chakula zilizochanganyika na mkojo, harufu ambayo ilimfuata mpaka nyumbani na kukaa kwenye koti lake. Tofauti ilikuwa taa. Katika chumba cha kwanza taa ziliwaka asubuhi na kuzimika jioni, kila siku, bila kukosea. Katika chumba cha pili taa zilihamahama. Wiki hii mchana ulikuwa mchana, wiki inayofuata mchana uligeuzwa usiku, kisha mambo yakarudishwa tena yalivyokuwa, kabla panya hawajazoea.

Panya wenyewe hawakuwa wale wa darini. Walikuwa panya wa majani, jamii inayolala usiku na kuhangaika mchana kama binadamu, na ndiyo sababu aliwachagua. Alitaka kujua homoni zinafanya nini mwilini mnyama anapolazimishwa kuishi kinyume cha jua. Kuna homoni moja ambayo ubongo huimwaga kwenye damu giza linapoingia, ili kuuarifu mwili wote kwamba usiku umefika. Kuna nyingine hupanda kabla ya kupambazuka, kumwandaa mnyama ainuke akatafute riziki. Ini linasikiliza, kongosho linasikiliza, moyo unasikiliza.

"Ni kama kengele ya shule," alizoea kuwaambia wanafunzi wake. "Ikigongwa ovyo ovyo, hata mtoto mwenye akili hatajua wakati wa kuingia darasani na wakati wa kwenda kula."

Katika chumba cha pili kengele iligongwa ovyo, na wafanyakazi wa kituo wakawabandika wale panya jina lao: panya wa zamu. Chakula kilikuwa kilekile cha wenzao wa chumba cha kwanza, lakini wao walianza kunenepa. Baadaye wakawa wanakunywa maji kama wametoka jangwani, na maranda yao yalilowa upesi kuliko ya wengine. Sukari ikapanda katika damu yao. Walikaa wamejikunyata wakati wa kukimbia na kuhangaika wakati wa kulala, na wengine walikufa kabla ya umri wao.

Daktari Panya aliyaona hayo yote, akayapima, akayachora kwenye michoro iliyosifiwa na wakubwa wake. Halafu jioni alivua koti, akanawa mikono mpaka viwiko, akaenda nyumbani kwa mumewe, ambaye alikuwa mwoka mikate wa zamu.

Mumewe alifanya kazi katika kiwanda cha mikate upande wa pili wa mji. Wiki mbili aliingia usiku, wiki moja mchana, jirani akiwapokea watoto, kisha usiku tena, na hivyo ndivyo alivyoishi tangu kabla kifungua mimba wao hajaota meno. Alikuwa mtu mpana, mpole, mwenye vinyweleo vya mikono vilivyoungua na moto wa tanuri, na mwenye mzaha wa chini chini. Walikuwa wakipishana mlangoni asubuhi, yeye anaingia na mke anatoka. Mke alimwachia ufunguo, watoto na busu la haraka, na mume akamwuliza swali moja ambalo hakulikosa: "Panya hawajambo?"

"Hawajambo."

"Wasalimie."

Kisha alivuta pazia zito, akajifunga kitambaa machoni na kujaribu kulala huku mtaa ukiamka. Hakulala sana. Wauzaji walipita wakinadi, simu ililia, na saa sita watoto walirudi wakiwa na njaa. Aliamka, akawapikia, akakagua daftari zao, akawapatanisha walipogombana, kisha akajiegesha tena hadi wakati wa kwenda kazini. Majirani walimsifu kwamba ni baba wa kupigiwa mfano, na kweli alikuwa hivyo. Lakini mchana wa mkewe, ule mchana mrefu wa kukaa chini ya ardhi bila mtu wa kumwita, ulitoka katika usingizi wa mwanamume yule.

Kulikuwa na siku moja ambayo Daktari Panya hakupenda kuikumbuka. Ilikuwa miaka miwili nyuma. Mumewe alirudi uso unang'aa, hata hakukaa, akamfuata jikoni alipokuwa anakatakata vitunguu.

"Wananitaka mchana," alisema. "Msimamizi wa upande wa kukata na kufungasha. Hakuna tena usiku, hakuna kugeuzwageuzwa."

Yeye aliendelea kukata vitunguu. Chumba cha pili ndiyo kwanza kilikuwa kimefungwa taa zake mpya. Alijiona akirudi nyumbani saa sita kila siku, akiacha kazi nusu, wenzake wakimpita.

"Na watoto atawapokea nani?" aliuliza.

 Mume hakuwa amelifikiria hilo njiani.

"Vumilia kidogo, baba watoto," mke alisema. "Nimalize hatua hii tu."

"Haya," alijibu, na ile kazi akapewa mtu mwingine.

Mtu angeweza kumtetea Daktari Panya kwa kusema kwamba siku ile alikuwa bado hajapima hata tone moja la damu. Yeye mwenyewe alijitetea hivyo mara nyingi. Lakini utetezi huo haukusimama, kwa sababu mtu haombi ruhusa ya kufunga vyumba viwili na kuvijaza panya kama hana dokezo la atakachokiona. Alikuwa amesoma. Alijua watafiti wengine wameona nini kwa wanyama wengine, na kwa watu pia. Alipomwambia mumewe avumilie, alijua anamwambia avumilie nini.

Basi akaacha kuzungumza habari za kazi nyumbani. Zamani alikuwa akimsimulia kila kitu, mpaka panya aliyemng'ata mwanafunzi na panya aliyezaa siku ya ukaguzi. Sasa alisema wazima, basi, akageuza mazungumzo. Mume alidhani amechoka.

Kisha kukaja jagi. Mumewe alianza kuweka jagi la maji kando ya kitanda, na kila alipoamka lilikuwa tupu. Alikuwa anainuka kwenda msalani mara kwa mara, na tumbo lilikuwa limemtoka mpaka akatoboa tundu jipya kwenye mkanda. Siku moja akalalamika kwamba maandishi ya kwenye mifuko ya unga yanamcheza machoni.

"Ni joto la tanuri," alisema mwenyewe. "Linanikausha."

"Labda," alisema Daktari Panya.

 Kesho yake alikwenda chumba cha pili, akasimama mbele ya kizimba chenye maranda yaliyolowa, akatazama chupa ya maji iliyokwisha. Alijiambia kwamba akimaliza ripoti atamshika mkono ampeleke hospitali. Ripoti ikaisha, ikaja nyingine. Nafsi ilimsuta, akaizoea inavyomsuta, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Sasa kituo kilikuwa na mkuu aliyependa sana kusikika, na mkuu huyo alikuja na habari kwamba redio inataka mtu wa kueleza utafiti wa panya wa zamu. Kipindi kilikuwa cha asubuhi, watu wakiwa wamekwisha kunywa chai. Daktari Panya alipiga hesabu ya haraka kichwani: wiki hiyo mumewe alikuwa zamu ya usiku, kwa hiyo saa hiyo angekuwa amelala na kitambaa machoni. Akakubali. Nyumbani hakusema kitu. Asilolijua ni kwamba mkuu alikuwa amepiga simu nyumbani kumtafuta jioni moja, binti wa Daktari Panya akapokea, na binti hakuwa mtu wa kumficha baba habari tamu.

Chumba cha redio kilikuwa kidogo, kuta zimefunikwa sifongo nyeusi kama vyumba vya panya vilivyovikwa giza. Mtangazaji alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye kucheka hata kabla hajauliza swali. Mazungumzo yalianza vizuri. Daktari Panya alieleza homoni ya giza, akaeleza kengele ya shule, akaeleza panya wanavyonenepa na kuona kiu. Alikuwa anajua kuongea. Akasahau kuogopa.

"Daktari, tuwaache panya kidogo," alisema mtangazaji. "Anayenisikiliza sasa hivi ni mlinzi, ni muuguzi, ni dereva wa lori. Yeye je?"

"Mwili wake unavumilia, lakini unalipa," alisema. "Asisubiri kuumwa. Akianza kuona kiu isiyoisha, macho yanaingia ukungu, mwili unaongezeka bila sababu, aende akapimwe mapema."

"Nikuulize la nyumbani basi. Kama mzee wako angekuwa anafanya kazi ya usiku, ungemwambiaje?"

Alitazama taa nyekundu iliyokuwa inawaka juu ya mlango. Watu walikuwa wanasubiri. Angeweza kusema kwamba mzee wangu ni mwoka mikate na sijamwambia kitu. Badala yake ulimi ulitafuta njia rahisi.

"Ningemwambia aache."

"Lini?"

"Kesho," alisema, na mtangazaji akacheka kwa furaha, akawaambia kina mama wamesikia wenyewe, akaweka muziki.

Kipindi kilikwisha. Hakurudi kazini. Alishuka basi kituo kimoja kabla ya nyumbani ili atembee, kana kwamba kutembea kungempa cha kusema, ingawa hakujua kama kuna lolote la kusema. Chini ya jengo lao kulikuwa na fundi viatu aliyefanya kazi kwenye kibanda cha mbao, redio yake ikiwa katikati ya visigino na makopo ya gundi. Alipomwona alisimama kabisa, sindano mkononi.

"Daktari, tumekusikiliza mwanzo mpaka mwisho. Leo umetutoa kimasomaso."

"Mmenisikiliza nani na nani?"

"Mimi na mzee. Redio yenu si haina betri? Ameshuka na kiti chake, amekaa hapo hapo uliposimama. Nikamwambia kalale, wewe umetoka kazini, akasema usingizi utasubiri. Hata kiwandani amewaambia wote wafungue redio."

"Alisemaje?"

Fundi viatu alijikuna shingo. Alikuwa mtu mwungwana na alianza kuhisi kwamba kuna jambo. "Mwanzoni alikuwa anacheka. Alinionyesha redio kwa kidole, akasema huyo ndiye wangu. Mwisho mwisho akanyamaza. Akanishukuru, akachukua kiti, akapanda."

Alimkuta mezani jikoni, bado na shati la kazi lenye vumbi la unga, anamenya viazi vya watoto. Aliinua macho, akayarudisha kwenye kisu.

"Umeongea vizuri," alisema. "Sauti yako inapendeza redioni."

"Hujalala."

"Nilitaka kukusikia." Alimenya kiazi kimoja chote kabla ya kuongea tena. "Hao panya. Wana kiu, wananenepa."

"Ndiyo."

"Umelijua hilo tangu lini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, na ulikuwa uongo mzuri: matokeo ni ya juzi, nilikuwa nasubiri nihakikishe. Kama angekasirika labda angeusema. Lakini mume hakukasirika, alikuwa anauliza tu, kama anavyouliza habari za soko.

"Tangu kabla sijaanza," alisema. "Kupima kulikuja baadaye."

"Kabla ya ile kazi ya mchana niliyopewa?"

"Kabla."

Kisu kikatua mezani. "Ukaniambia nivumilie kidogo."

"Nilikuambia."

"Kidogo chako kirefu, mama watoto."

Alikaa mbele yake. Alitaka kumshika mkono, akaona hana haki hiyo kwa sasa, akaiweka mikono yake mapajani.

"Unajua mimi nilikuwa nikijisemea nini?" alisema mumewe. "Nikichoka sana kule kwenye tanuri, nikiona macho hayaoni vizuri, nasema, mke wangu ni msomi wa mambo haya haya. Kama kungekuwa na ubaya angeniambia. Nafumba macho, nalala."

Daktari Panya alikuwa ameshahojiwa na watu wakali katika kumbi za wasomi, watu waliotafuta kosa kwa tochi. Hakuna aliyewahi kumwambia neno zito kama hilo. Aliangalia maganda ya viazi.

"Niliogopa kukuambia," alianza, kisha akajirudi. "Hapana. Sikuogopa. Ilinifaa. Ukiwa wewe nyumbani, mimi nina mchana wangu."

"Hilo nalijua, sikuwa mtoto. Hata mimi ilinifaa, nimewalea wanangu kwa mikono yangu. Ila ungesema, tungechagua sote wawili. Ulichagua peke yako, mimi nikadhani tumechagua pamoja."

Watoto waligonga mlango. Mume akainuka kwenda kuwafungulia, akawauliza habari za shule kwa sauti ileile ya siku zote.

Hospitalini walikwenda siku iliyofuata, wakakaa kwenye benchi bila kugusana mabega. Daktari aliyewapokea alikuwa kijana wa kike mwenye haraka. Alipima, akapima tena, akaandika.

"Sukari iko juu sana," alisema. "Kiu hii imeanza lini, baba?"

Mume alijibu bila kumtazama mkewe. "Juzi juzi tu, daktari."

 Mtu ambaye Daktari Panya alimdhulumu ndiye aliyekuwa anamfichia aibu, mbele ya mgeni, papo hapo, bila hata kufikiri. Afadhali angemtukana.

"Si ya juzi juzi," alisema. "Inakaribia mwaka. Mimi nilikuwa naiona."

Daktari kijana alimtazama, akatazama karatasi, akaandika. Aliagiza dawa, akapunguza vyakula, na mwisho akasema mgonjwa ajitahidi kulala usiku kama watu wengine.

Habari zilimfikia mama mkwe, naye akafunga safari. Alikuwa mwanamke mwembamba wa maneno machache, aliyeingia nyumba ya mtu kwa kuulizia wagonjwa kwanza na chai baadaye. Alimtazama mwanawe, akambonyeza miguu, akauliza dawa. Kisha akamgeukia mkwewe, akamshika mikono yote miwili.

"Mwanangu, nashukuru," alisema. "Nashukuru mumeo ameoa mtu anayejua mwili wa mtu ulivyo. Mwingine asingestuka, tungemkuta amekwisha."

"Mama, si hivyo," alianza.

"Mama, chai inapoa," alisema mume, akamsogezea kikombe.

Daktari Panya alirudi jikoni akasimama mbele ya sinki, maji yanatiririka bure. Kushukuriwa kulimchoma kuliko lawama. Mchana huo, mume alipokuwa amelala, alimwendea mama mkwe sebuleni, akakaa sakafuni karibu na miguu yake, akamweleza yote, ya vitunguu, ya jagi na ya redio. Hakujipunguzia.

Mama mkwe alisikiliza huku anakunja nguo za wajukuu. Alipomaliza soksi ya mwisho aliuliza, "Yeye anajua?"

"Anajua."

"Sasa mimi unanieleza ili iweje? Nikusamehe mimi? Anayelala na maumivu si mimi." Alimkabidhi fungu la nguo. "Kaweke kabatini. Na jioni usimpe wali mwingi."

Ilibidi aende akaweke nguo kabatini. Alikuwa amejiandaa kwa kilio, au kwa matusi, au kwa kukumbatiwa. Hakuwa amejiandaa kurudishwa kazini.

Ile kazi ya usimamizi haikuwepo tena. Mume alikwenda kuomba mchana, akapewa kusimama mwisho wa mstari anatia mikate kwenye mifuko, chini ya yuleyule mtu aliyechukua nafasi yake. Aliichukua. Mkewe naye alikwenda kwa mkuu akasema kuanzia sasa atatoka mapema, na hatua inayofuata ya utafiti ataikabidhi kwa mwenzake wa ofisi ya pili, mwanamume makini ambaye muda mrefu alikuwa akiimezea mate. Mkuu hakufurahi. Mwenzake alifurahi, akaficha vibaya furaha yake. Na yeye, saa sita, alipokuwa anapanda ngazi kutoka chini ya ardhi kwenda kuwapikia watoto, alikuwa akiona uchungu kwa kile anachokiacha. Kisha akaona aibu kwa kuona uchungu. Alikuwa na mwezi mmoja tu wa kufanya alichokifanya mumewe kwa miaka, na tayari alikuwa anahesabu anachopoteza.

Mambo mengine hawakuyatarajia. Watu wawili waliokuwa wakipishana mlangoni sasa walipaswa kulala kitanda kimoja kwa wakati mmoja, na hawakujua jinsi ya kufanya. Mume alikoroma kama mashine ya kukandia unga. Mke alijifunua, akajifunika, akavuta shuka lote. Walikuwa wakiamka wamenuniana kama wapangaji wapya.

"Unapiga teke," alisema mume asubuhi moja.

"Na wewe unakoroma."

"Miaka yote hii nani alikuwa anakupigia kelele?"

"Hakuna. Ndiyo maana nilikuwa nalala."

Watoto walicheka mpaka chai ikawatoka puani, na wao wawili wakacheka pia, kwa mara ya kwanza tangu siku ya redio. Alipokuwa anacheka alimtazama mumewe kwa pembe ya jicho, kuona kama kicheko kimefika mpaka machoni. Tabia hiyo ilimkaa. Kila mume alipomwambia neno jema, alilipima kwanza kama mtu anayepokea noti asiyoiamini.

"Acha kunitazama hivyo," mume alimwambia siku moja. "Nimeshakusamehe. Unataka nikusamehe mara ngapi?"

"Sitaki chochote."

"Unataka nikugombeze. Mimi sina nguvu hizo. Sukari yangu ikipanda, nani atalaumiwa?"

Ulikuwa mzaha, na alijua ni mzaha. Hata hivyo alikwenda chumbani kukunja nguo zilizokwisha kunjwa.

Yule mwenzake ofisini alikuwa ameamua jambo la maana. Alizirudisha taa za chumba cha pili kwenye utaratibu, mchana ukawa mchana na usiku ukawa usiku, ili aone kama panya wa zamu watapona. Walipima damu kwa majuma mengi, ile ya gizani wakiichukua kwa taa nyekundu hafifu ili mwanga usiivuruge homoni. Siku matokeo yalipokusanyika, mwenzake alimwita aje ayaone. Walisimama pamoja mbele ya mchoro. Panya wengi, hasa wale waliokaa zamu muda mfupi, sukari ilikuwa imeshuka, na homoni ya giza ilikuwa inapanda jioni na kushuka asubuhi kama inavyotakiwa. Lakini wale wa siku nyingi, wale wa mwanzo kabisa, mstari wao ulikuwa bapa. Giza liliingia, mwili wao haukusikia.

"Wengi wamerudi, wengine wamebaki huko huko," alisema mwenzake. "Itafaa sana kuandikwa."

"Itafaa," alisema Daktari Panya. Alichukua mkoba wake.

Mchana ule mume alikuwa mapumzikoni. Alimkuta juu ya paa la jengo, anaanika mashuka, vibanio amevibana mdomoni. Alikuwa amepungua, shati lilimpwaya, na alitembea taratibu kwa sababu vidole vya miguu vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Zamani, yaani mwaka jana tu, mkewe angemsaidia kuanika, akamwuliza watoto wamekula nini, yale ya kazini akayaacha kazini. Alijua jinsi ilivyo rahisi. Ilimbidi ajilazimishe.

"Kuna habari za panya," alisema.

Mume alitoa vibanio mdomoni. "Nzuri au mbaya?"

"Zote mbili. Taa zimerudishwa sawa. Wengine wamepona kabisa. Wale waliokaa zamu muda mrefu hawajapona, na sidhani kama watapona."

"Muda mrefu kiasi gani, kwa umri wa panya?"

Alimweleza. Mume alipiga hesabu ya maisha ya panya dhidi ya maisha ya mtu, akatazama mbali, juu ya mapaa.

"Basi mimi niko kundi gani?"

"Sijui. Wewe si panya, na hakuna anayeweza kukuambia. Ila sikutaka nijue mimi peke yangu."

"Si panya," alirudia mume. "Nashukuru kwa hilo." Alitabasamu kidogo, lakini mkewe hakuweza kutabasamu. Machozi yalikuwa yamemlengalenga. Mume alimwona, akageuka kumpa nafasi, akavuta shuka jingine kutoka kwenye beseni. Lilikuwa zito kwa maji.

"Shika upande huo," alisema. "Tulikamue. Halafu unieleze vizuri, pole pole, mimi si msomi. Wale waliopona wamefanyiwa nini?"

Alishika pembe za shuka, wakalisokota kila mmoja kwa upande wake, maji yakimwagika miguuni mwao. Akaanza kumweleza kuanzia mwanzo, kabla ya vyumba viwili, kuanzia vitabu alivyovisoma na kumnyima. Ilichukua muda mrefu. Mume aliuliza maswali mengi, mengine magumu, na mawili yalimfanya mkewe atake kujificha. Hakujificha. Aliendelea mpaka beseni likawa tupu na watoto wakaanza kuwaita kutoka chini.